Upanga, speli na ukinzani: mwongozo kamili wa kuamua kanuni zinazopandana kwenye D&D

Meza nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, hukwama mahali pale pale. Mchezaji ana upanga, mchawi ameupigia speli (uchawi), yeye mwenyewe ameongeza nyingine, kasisi amebariki kundi zima, na adui aliye mbele ana ukinzani dhidi ya silaha za kawaida, yaani zinamuumiza nusu tu. Dadu zikishatua kila mtu anataja jumla yake, na mchezo unasimama.

Wengi wamefundishwa dawa moja: kanuni mahususi huishinda kanuni ya jumla. Ni kweli, na imo kitabuni, ila huitwa mapema mno. Ukisoma kwa utulivu utakuta mara nyingi kanuni hizo mbili hazijagongana hata kidogo. Moja yao inahusu jambo ambalo mhusika wako hakulifanya. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kuhakikisha kwanza kama mgongano upo. Kuamua nani mshindi ni kazi ndogo inayokuja baadaye.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Maandishi ya kanuni za toleo mnalocheza. Kama huna kitabu, pakua SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi. Kampuni ya Wizards of the Coast iliiweka chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, kwa hiyo ni bure na ni halali. Mwongozo huu unafuata kanuni za 2014, na mifano karibu yote nimeichagua kutoka humo ili uweze kuihakiki mwenyewe.
- Karatasi ya mhusika, ikiwa na nyongeza zake zote zimejazwa.
- Dadu za rangi tofauti. Rangi moja kwa silaha, nyingine kwa speli. Sababu utaiona hatua ya 8.
- Karatasi yenye safu tano: chanzo, kinachokiwasha, kinachofanya, umakini, yaani kama speli hudumu tu aliyeipiga akiendelea kuishikilia akilini (ndiyo au hapana), aina ya madhara.
- Sage Advice Compendium, majibu rasmi ya waandishi wa kanuni, kwa ajili ya yale machache ambayo maandishi hayakuyamaliza.

Majina ya speli na vipawa nimeyaacha kama yalivyo kitabuni, usije ukahangaika kuyatafuta.

## Hatua ya 1: Kubalianeni toleo moja, kwa sauti

Msidharau hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Kanuni zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2024, na speli nyingi zilibaki na jina lile lile huku zikibadilika tumboni.

Chukua Divine Smite. Mwaka 2014 ni kipawa cha paladini, yaani shujaa mtakatifu: ukimpata adui, unatumia nafasi ya speli (akiba ya kupigia speli) kuongeza madhara, na kufanya hivyo si kupiga speli. Mwaka 2024 imekuwa speli kamili inayokula kitendo cha ziada, kile kidogo cha pili katika zamu. Divine Favor ya 2014 inataka umakini, ya 2024 haitaki. Spiritual Weapon imekwenda kinyume chake: zamani haikutaka umakini, sasa inataka.

Mchezaji mmoja akisoma kitabu cha zamani na mwenzake akisoma tovuti yenye kanuni mpya, wote wawili watakuwa sahihi na hamtapatana mpaka asubuhi.

*Dalili kwamba umefaulu:* juu ya karatasi yenu pameandikwa 2014 au 2024, na kila simu iliyoko mezani imefungua maandishi hayo hayo.

## Hatua ya 2: Soma kinachoiwasha, achana na jina

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kila kipawa au speli inayoongeza kitu ina sentensi inayosema inawaka lini. Itafute hiyo sentensi, inakili kwenye safu ya pili ya karatasi yako, neno kwa neno. Usiandike unachokumbuka. Usiandike unachohisi speli "ilikusudia".

Angalia Hunter's Mark ya 2014. Inaongeza 1d6 (dadu moja ya pande sita) kila unapompata uliyemwekea alama kwa shambulio la silaha. Sasa mchezaji ana Spiritual Weapon, speli inayoleta silaha inayoelea hewani na kupiga watu. Ina neno silaha kwenye jina. Ina umbo la silaha. Anadai 1d6 yake.

Hapati. Maandishi ya Spiritual Weapon yanasema unafanya shambulio la speli la karibu. Umbo lake ni pambo tu. Hunter's Mark inangoja shambulio la silaha, na hilo halikutokea. Hakuna kanuni iliyomshinda mwenzake hapa, kwa kuwa moja haikuwaka kabisa.

Flame Blade ni mtego wa aina hiyo hiyo. Unashika mkononi upanga wa moto unaofanana kwa ukubwa na umbo na kitara, lakini ukipiga nao unafanya shambulio la speli. Mwizi mwenye Sneak Attack hapati dadu zake za ziada kwa Flame Blade, kwa sababu Sneak Attack inataka shambulio litumie silaha yenye sifa ya finesi (silaha nyepesi inayoweza kutumia Wepesi) au silaha ya mbali, kama upinde. Kufanana na kitara hakuifanyi kuwa kitara.

Maneno ya kuyapigia mstari ukiyaona:

- *shambulio*, *shambulio la silaha*, na *shambulio la silaha la karibu*. Hizi ni ngazi tatu za ubanaji, kila moja ndani ya ile iliyotangulia.
- *silaha ya karibu*, ambayo inataja chombo, na *shambulio la karibu*, ambalo linataja namna ulivyokitumia.
- *kila zamu* na *kila raundi*. Sneak Attack ni mara moja kwa zamu, hivyo mwizi anayempiga adui anayekimbia, katika zamu ya mwingine, anaweza kuipata tena.

*Onyo:* programu za kuchezea mtandaoni hujumlisha chochote ulichowekea alama. Hazisomi sentensi kwa niaba yako.

*Dalili kwamba umefaulu:* unaweza kumsomea msimamizi wa mchezo sentensi yenyewe badala ya kumwambia "hii huwa inafanya kazi".

## Hatua ya 3: Weka shambulio kwenye sanduku lake

Ukishajua kila kipawa kinangoja nini, jiulize shambulio lako hasa ni lipi. Masanduku ni manne:

- Silaha, kwa karibu: upanga, fimbo, jambia lililoko mkononi. Hata ngumi tupu huhesabiwa shambulio la silaha la karibu, ingawa ngumi yenyewe si silaha.
- Silaha, kwa mbali: upinde, na pia jambia au kishoka ukikirusha.
- Speli, kwa karibu: Flame Blade, Spiritual Weapon.
- Speli, kwa mbali: Fire Bolt.

Kuna speli zisizoingia sanduku lolote. Fireball inamlazimisha adui kurusha dadu ya kujiokoa. Magic Missile inapata bila kurushiwa dadu ya shambulio. Zote mbili si mashambulizi kwa maana ya kanuni, kwa hiyo hakuna kinachosubiri shambulio kitakachowaka, na hakuna 20 halisi (d20, dadu ya pande ishirini, ikitua 20) ya kushangilia.

Jambia la kurusha ndilo jaribio zuri kuliko yote. Jambia ni silaha ya karibu. Ukilirusha, unafanya shambulio la mbali kwa kutumia silaha ya karibu. Sasa pitisha vipawa viwili juu yake:

Divine Smite inataka shambulio la silaha la karibu. Umerusha, kwa hiyo hapana.

Sneak Attack inataka silaha yenye finesi au silaha ya mbali. Jambia lina finesi, na finesi haipotei hewani. Ndiyo.

Badilisha jambia uweke kishoka cha mkono. Kinarushwa vilevile, lakini hakina finesi, na kwenye jedwali la silaha kimeorodheshwa kama silaha ya karibu. Mwizi akikirusha hapati Sneak Attack. Wachezaji wa wizi hawapendi kusikia hili, hasa aliyenunua vishoka sita.

Na ukirusha jambia, nyongeza ni ipi? Finesi inakupa uhuru wa kuchagua Nguvu au Wepesi, ila uliyoichagua kwa dadu ya shambulio ndiyo utakayoitumia kwenye madhara. Huruhusiwi kulengea Wepesi kisha kuumizia Nguvu.

## Hatua ya 4: Ni kitendo gani ulichofanya?

Shambulio na kitendo cha Kushambulia ni vitu viwili. Unaweza kufanya shambulio bila kuchukua kitendo cha Kushambulia, na hapo ndipo Extra Attack inapowatoka watu.

Extra Attack inasema: ukichukua kitendo cha Kushambulia katika zamu yako, unashambulia mara mbili. Ukipiga Fire Bolt umechukua kitendo cha Kupiga Speli. Ndani yake kuna shambulio, lakini kitendo ni kingine. Huongezewi Fire Bolt ya pili wala pigo la upanga. Flame Blade pia: maandishi yake yanakupa kitendo chake chenyewe cha kupiga nayo.

Haste, speli ya kumpa mtu kasi, nayo ina mipaka yake. Kitendo inachokuongezea kinaweza kuwa Kushambulia, lakini kwa shambulio moja la silaha tu, na Kupiga Speli hakumo kwenye orodha yake.

Kuna pia kanuni inayosahaulika na karibu kila mtu: ukipiga speli yoyote kwa kitendo cha ziada, speli nyingine pekee unayoweza kupiga katika zamu hiyo ni ile ndogo isiyotumia nafasi, na iwe ya kitendo kimoja. Kasisi akiita Spiritual Weapon kwa kitendo cha ziada, hawezi kupiga Bless zamu hiyo hiyo hata kama nafasi anazo tele.

## Hatua ya 5: Hesabu umakini, kisha hesabu mikono

Mhusika mmoja hushikilia speli moja tu ya umakini. Akianza ya pili, ya kwanza inakatika papo hapo. Kwa hiyo paladini hawezi kuwa na Divine Favor na Magic Weapon kwa pamoja akiwa amezipiga mwenyewe. Mchawi akimpigia Magic Weapon na yeye akajipigia Divine Favor, zote zinakaa, kwa kuwa kila mmoja anashikilia yake.

Kwenye karatasi, safu ya umakini usiandike "ndiyo" peke yake. Andika jina la anayeishikilia. Akiumia, mtajua mara moja ni mstari gani uko hatarini.

Mikono ndiyo inayosahaulika zaidi. Speli inayotaka ishara ya mkono inataka mkono ulio huru. Paladini mwenye upanga kulia na ngao kushoto hana mkono huru. Akiwa amechora alama yake takatifu kwenye ngao, mkono huo unaweza kufanya ishara za speli inayotaka pia kifaa, kama Bless. Lakini Divine Favor na Cure Wounds zinataka sauti na ishara bila kifaa, na alama kwenye ngao haimsaidii chochote. Lazima mkono mmoja uwe mtupu, au awe na kipaji cha War Caster.

Hunter's Mark inataka sauti peke yake. Mpiga upinde anaweza kuitamka mikono yote ikiwa kazini.

## Hatua ya 6: Inaongeza, inabadilisha, au inajirudia?

Hatua hii sasa ndiyo ya mgongano wenyewe. Vyote vilivyobaki kwenye karatasi yako vimekwisha kuwaka kihalali. Kila mstari uulize unafanya kazi gani kati ya hizi tatu.

Unaongeza. Athari za speli tofauti hujumlishwa muda wake unapokutana. Bless inaongeza 1d4 kwenye dadu ya shambulio, Magic Weapon inaongeza 1. Chukua zote.

Unajirudia. Speli ile ile ikipigwa mara mbili haijumlishwi. Makasisi wawili wakimbariki mtu mmoja, anapata 1d4 moja. Hata faida na hasara kwenye d20 (kurusha mbili na kuchukua kubwa au ndogo) ziko hivyo: sababu tatu za kupata faida bado ni dadu moja ya pili, na faida moja ikikutana na hasara mbili zinafutana zote, unarusha d20 moja kama kawaida.

Unabadilisha. Shillelagh haijumlishi kitu. Inafanya dadu ya fimbo au rungu kuwa d8, na inakuruhusu kutumia uwezo wako wa kichawi, kwa druidi ni Hekima, badala ya Nguvu. Fimbo ni d6 kwa mkono mmoja na d8 kwa miwili. Chini ya Shillelagh ni d8, basi, ukiishika utakavyo. Hakuna d10, na hakuna kujumlisha Nguvu na Hekima.

Sasa ile sentensi maarufu imepata kazi. Kanuni ya jumla inasema silaha ya karibu hutumia Nguvu. Shillelagh inasema unaweza kutumia uwezo wako wa kichawi. Zinazungumzia kitu kile kile, wakati ule ule, na haziwezi kuwa kweli zote mbili. Mahususi inashinda. Kama hujaweza kuonyesha kidole mahali sentensi mbili zinapokataana hivi, usiitaje.

## Hatua ya 7: Angalia nani alitangulia

Kwa kawaida mpangilio wa speli haubadilishi hesabu. Ila ukiona speli inaweka sharti juu ya silaha yenyewe, simama.

Magic Weapon inahitaji uguse silaha isiyo ya kichawi. Shillelagh huifanya fimbo iwe ya kichawi kama haikuwa. Druidi akianza na Shillelagh, mchawi akija na Magic Weapon hana pa kuiweka, na nafasi yake ya ngazi ya 2 imepotea bure. Mchawi akitangulia, fimbo inapata nyongeza yake ya 1, na Shillelagh inakuja juu yake bila kipingamizi kwa sababu haijali kama fimbo tayari ni ya kichawi.

Ni chumvi na unga wa ugali: vitu ni vile vile, ila kimoja kina wakati wake wa kuingia.

Kumbuka pia Shillelagh hukatika ukiiachia fimbo. Druidi anayeiangusha ili afungue mlango ataipiga upya.

## Hatua ya 8: Hesabu madhara kwa mafungu

Fuata mpangilio huu na usiuruke:

1. Kusanya dadu zote za madhara ya shambulio hilo. Kama d20 ilionyesha 20 halisi, rusha kila dadu mara mbili, pamoja na za Sneak Attack, Divine Smite na Divine Favor.
2. Ongeza nyongeza zisizo dadu, kama Nguvu na ile 1 ya Magic Weapon. Hizi hazizidishwi.
3. Tenganisha jumla kwa aina: madhara ya kukata huku, ya nuru kule. Rangi za dadu zinakusaidia hapa.
4. Punguzo lolote la namba, kama lipo, litoe sasa.
5. Mwisho kabisa weka ukinzani. Gawa kwa mbili fungu linalohusika tu, punguza kwenda chini. Ukinzani mbili dhidi ya aina moja ni nusu moja, si robo.
6. Udhaifu, unaozidisha madhara mara mbili, kama upo, unafuata baada ya ukinzani.

Kosa linalojirudia ni kugawa jumla nzima kwa mbili. Adui mwenye ukinzani dhidi ya silaha za kawaida hana ukinzani dhidi ya nuru iliyopita kwenye upanga huo huo.

## Hatua ya 9: Maandishi yakikaa kimya

Yapo mambo ambayo ukisoma mara mbili bado hupati jibu. Paladini anaweza kutumia Divine Smite kwa ngumi? Ngumi ni shambulio la silaha la karibu, lakini kipawa kinazungumzia madhara ya silaha, na ngumi si silaha. Sage Advice Compendium inajibu hapana, na inamwachia msimamizi uhuru wa kuruhusu.

Kwenye meza yangu ningeruhusu, kwa sababu paladini mpiga ngumi hajawahi kuharibu mchezo wa mtu. Ila uamuzi wowote uandikwe siku hiyo hiyo, nyuma ya karatasi ya kanuni, na uwahusu maadui vilevile. Uamuzi usioandikwa hurudi baada ya wiki tatu ukiwa na sura nyingine.

Msimamizi, ukiwa katikati ya pambano na hujui, amua haraka na mtafute jibu mkimaliza.

## Mfano kamili: Rehema mbele ya wight

Rehema ni paladini wa ngazi ya 5. Nguvu yake ni 16, yaani nyongeza ya 3, na nyongeza ya ustadi ni 3. Ana upanga mrefu wa kawaida, ngao mkononi, na mtindo wake wa kupigana ni Defense, kwa hiyo hauongezi madhara. Adui ni wight: ulinzi 14, uhai 45, mfu-hai, mwenye ukinzani dhidi ya madhara ya silaha zisizo za kichawi na zisizo za fedha.

Kabla ya mlango kufunguliwa, mchawi amegusa upanga ukiwa kwenye ala na kuupigia Magic Weapon. Kasisi amewapigia Bless watatu: Rehema, mchawi na mwizi. Pambano linaanza, na zamu ya kwanza ni ya Rehema.

Mikono. Upanga bado uko alani, kwa hiyo mkono wa kulia ni mtupu. Anapiga Divine Favor kwa kitendo cha ziada, *kisha* anachomoa upanga, jambo linaloruhusiwa bure mara moja kwa zamu. Angeanza kwa kuchomoa, asingekuwa na mkono wa kufanyia ishara.

Umakini. Magic Weapon ni ya mchawi, Bless ni ya kasisi, Divine Favor ni ya Rehema. Watu watatu, speli tatu, hakuna anayemkatisha mwenzake.

Kitendo. Anachukua kitendo cha Kushambulia. Extra Attack inawaka, ana mapigo mawili.

Pigo la kwanza. Dadu inatua 20 halisi. Anaamua kuongeza Divine Smite kwa nafasi ya ngazi ya 1. Tayari amepiga speli kwa kitendo cha ziada, je, anazuiwa? Hapana. Kwa kanuni za 2014 Divine Smite si speli, kwa hiyo katazo la hatua ya 4 halimgusi.

Dadu zake zote mara mbili:

- Upanga 1d8 inakuwa 2d8: 5 na 6, jumla 11. Ongeza Nguvu 3 na Magic Weapon 1. Madhara ya kukata ni 15.
- Divine Favor 1d4 inakuwa 2d4: 3 na 2, jumla 5 za nuru.
- Divine Smite 2d8, pamoja na 1d8 kwa kuwa adui ni mfu-hai, inakuwa 6d8: 4, 7, 2, 3, 5, 1, jumla 22 za nuru.

Ukinzani wa wight haufanyi kitu, kwa sababu upanga sasa ni wa kichawi. Jumla ni 42. Wight amebakiwa na 3.

Bila Magic Weapon madhara ya kukata yangekuwa 14, ukinzani ukayafanya 7, na nuru 27 zikabaki kama zilivyo. Jumla 34, wight akabaki na 11. Divine Favor inaongeza nuru, lakini haiufanyi upanga kuwa wa kichawi. Hapo meza nyingi huteleza.

Pigo la pili. d20 inaonyesha 2. Ongeza Nguvu 3, ustadi 3, Magic Weapon 1, na d4 ya Bless iliyotoa 4. Jumla 13, dhidi ya ulinzi wa 14. Amekosa.

Zamu ya wight. Anavuta upinde na kumlenga mchawi, anampata kwa madhara 7. Nusu ya 7 ni 3, lakini kiwango cha chini cha kuokoa umakini ni 10, kwa hiyo mchawi anahitaji 10. Anarusha 7, anaongeza 1 ya Ustahimilivu wake, anapata 8, na tayari mtu anafuta Magic Weapon kwenye karatasi.

Asifute. Dadu ya kuokoa umakini ni dadu ya kujiokoa kama nyingine, na mchawi yumo kwenye Bless. Anarusha d4, inatoa 2. Kumi kamili. Upanga wa Rehema unabaki wa kichawi, na zamu inahamia kwa mwizi.